Ncha Laini Siyo Lazima Iwe Ncha Sikivu

Nimekulia Pangani, pale mto unapoingia baharini, na fimbo ya kuvulia sikuijua utotoni. Tulivua kwa mshipi. Mjomba alinifundisha kuupitisha uzi juu ya kidole cha shahada, kidole kikiwa kimekunjwa kidogo, kisha nikae kimya. Chaa akidonoa, unasikia kitu kama mshipa wa damu unaopiga: tik, tik. Hongwe akibeba kamba aliye kwenye ndoana, uzi unakuwa mzito polepole, kama mtu anayevuta shuka usingizini. Mjomba alikuwa akiniambia, "Tulia, bado anaonja," hata kabla sijajua kama kuna samaki, kwa sababu naye alikuwa ameugusa uzi wangu kwa ukucha.

Sasa ninaishi Nottingham, Uingereza, na ninavua katika mto Trent, mto wa tatu kwa urefu katika kisiwa cha Britania, wenye kilomita karibu 298. Hapa chambo hulala chini ya maji mita 20 au 30 kutoka ukingoni, na kati yake na mkono wangu kuna mkondo usiopumzika. Kazi ya kidole nimeikabidhi ncha ya fimbo. Ndiyo maana swali ambalo anayeanza huuliza kwanza ni hili: ncha gani inahisi vizuri zaidi? Jibu analopewa karibu kila mara ni fupi: chukua iliyo laini kuliko zote. Kwenye bwawa lililotulia jibu hilo linafaa. Mtoni linakuharibia siku nzima, na nitaeleza kwa nini.

Tuanze na kifaa chenyewe. Fimbo inayotumika kwa uvuvi huu ina urefu wa futi 11 hadi 13, na kipande chake cha mwisho kabisa huchomolewa na kubadilishwa. Fimbo moja huuzwa na ncha mbili, tatu au nne. Ni nyembamba kama njiti za mnazi, zimepakwa rangi nyeupe, ya machungwa au nyekundu kali kwa juu, na kila moja imeandikwa namba kwa aunsi: 1, 1.5, 2, 3 na kuendelea. Aunsi moja ni gramu 28 na kidogo.

Namba hiyo huwachanganya wengi, kwa sababu fimbo yenyewe nayo ina namba yake kwenye mpini, labda gramu 60. Namba ya mpini ndiyo uzito ambao fimbo inaweza kuurusha, kwa maana unaporusha, anayebeba mzigo ni mwili wa fimbo. Namba ya ncha haihusiani na kurusha hata kidogo. Inakwambia ni uzito gani ukiutundika kwenye ncha utaikunja mpaka itazame chini, pembe ya digrii 90 na ilivyokuwa mwanzo. Ncha ya aunsi 1 basi inakunjwa na gramu 28, na ya aunsi 3 inahitaji gramu 85. Nimeona watu wakiogopa kurusha kikapu cha gramu 50 (kile kidogo cha chambo kinachofungwa kwenye uzi) kwa kuwa ncha imeandikwa aunsi 1. Hakuna ubaya wowote, mradi mwili wa fimbo unaumudu na uzi haujajizungusha kwenye ncha. Hilo la kujizungusha ndilo linalovunja ncha nyingi, kwa hiyo itazame kila mara kabla ya kurusha.

Namba hizo zenyewe hazina kipimo kimoja. Aunsi 2 ya mtengenezaji huyu inaweza kuwa ngumu kama aunsi 3 ya yule. Mimi hupima jikoni. Nafunga fimbo kwenye meza ikae sawasawa na sakafu, natundika kichupa cha plastiki kwenye tundu la mwisho la ncha, kisha namimina maji taratibu hadi ncha itazame chini. Halafu naweka kichupa na maji yake juu ya mzani wa kupimia unga. Ncha yangu moja iliyoandikwa aunsi 1.5 ilikunjika kwa gramu 58, yaani aunsi 2 na kidogo. Tangu siku hiyo nimezibandikia zote karatasi ndogo zenye gramu zake za kweli.

Sasa mto. Ukirusha kwenye bwawa, uzi unalala tu majini na ncha inabaki imenyooka, haina mzigo. Samaki akivuta, hata kidogo, kila alichovuta unakiona. Mtoni, kabla samaki hajaja, tayari kuna anayevuta: maji. Yanausukuma uzi wote uliozama, kuanzia unapoingia majini hadi kwenye chubwi, ule uzito unaokishikilia chambo chini. Chukua nailoni yenye unene wa milimita 0.22, mita 20 zikiwa ndani ya maji yanayokwenda nusu mita kwa sekunde na kuupiga uzi ubavuni. Kwa hesabu ya kawaida ya msukumo wa maji, mzigo wote unafika karibu gramu 70. Ncha na chubwi vinagawana mzigo huo. Na kasi ya mto ikiongezeka maradufu, mzigo hauongezeki maradufu, unakuwa mara nne. Hapo ndipo mvua ya siku mbili inapoigeuza ncha iliyokuwa nzuri Jumamosi kuwa takataka Jumanne.

Iweke ncha ya aunsi 1 mbele ya mzigo kama huo. Itakunjwa yote. Itakaa imepinda kama ndoana, ikitetemeka, na haina pa kwenda tena. Samaki akivuta kuelekea mkondo unakokwenda, ncha haina nafasi iliyobaki ya kujikunja, kwa hiyo mvuto unahamia kwenye sehemu nene ya fimbo, ambayo haitikisiki kwa mdonoo. Ni kama mtu anayesikiliza mnong'ono huku mwingine anapiga ngoma sikioni mwake. Masikio yake ni mazima, ila yamejaa.

Ncha ya aunsi 5 nayo ina kosa la upande wa pili. Mto hauikunji hata kidogo, samaki naye haikunji. Anaivuta, anahisi ugumu, anatema.

Kinachotakiwa kiko katikati, na kinapimwa kwa macho: maji yakishaukaza uzi, ncha iwe imekunjwa kiasi cha theluthi ya uwezo wake. Hapo ina nafasi ya kwenda mbele samaki akivuta, na ina nafasi ya kurudi nyuma samaki akilegeza. Hiyo ya kurudi nyuma ndiyo wageni wa uvuvi huu hawaitarajii.

Mwaka wangu wa kwanza Trent, mwezi wa Oktoba, nilikaa saa nne bila kitu. Nilikuwa na ncha laini kuliko zote nilizokuwa nazo, nikiamini kwamba nimejiwekea sikio kali. Mzee mmoja wa Kiingereza aliyekuwa mita 30 kutoka kwangu, upande wa chini wa mto, alikuwa ameshashika barbeli wawili. Barbeli ni samaki mrefu wa chini, mwenye sharubu nne mdomoni na nguvu za punda, ndugu wa mbali wa kuyu wa mito yetu. Mzee alikuja, akanisalimia, akaitazama ncha yangu iliyopinda kama upinde, akaomba ruhusa kwa mkono. Aliinua kitegemeo cha mbele cha fimbo mpaka ncha ikawa juu angani, akachomoa ile ncha laini na kunionyesha kwenye mfuko wangu ile ya aunsi 3. Tukarusha tena. Uzi mwingi ukawa nje ya maji, na ncha ikakaa imeinama kidogo tu, kama mtu anayeitikia salamu. Baada ya dakika kumi ikaruka nyuma, ikanyooka, ikatikisika. Mimi nilidhani chubwi limeteleza. Yeye alinyanyua mkono wake juu kunionyesha: vuta!

Samaki huyo alikuwa amebeba chambo, akaling'oa chubwi kutoka lilipokuwa limejishika kwenye changarawe, na uzi ukalegea. Ncha iliyokuwa imekunjwa na mkondo ikapoteza mzigo, ikanyooka. Ndiyo maana ncha inayorudi nyuma ni mdonoo kamili, tena mara nyingi ni wa samaki mkubwa. Lakini unapatikana tu ikiwa chubwi lina uzito wa kutosha kukaa na si zaidi. Ukiweka gramu 120 mahali ambapo gramu 40 zinatulia, samaki wa wastani hatalitikisa, na ishara hiyo hutaiona kamwe. Mimi huanza na zito kidogo, kisha napunguza mpaka nikiinua fimbo taratibu nihisi chubwi likiruka hatua moja na kutulia tena. Hapo nimefika.

Kuna na jambo la upinde wa uzi. Wengi, mimi nikiwa mmoja wao zamani, wakisharusha hukaza uzi mpaka unyooke kati ya fimbo na chubwi. Mto hauupendi uzi ulionyooka, utausukuma mpaka ulifukuze chubwi. Afadhali uachie mita mbili tatu za uzi zaidi baada ya chubwi kugusa chini, maji yaufanye upinde. Upinde huo unavuta chubwi kwa pembe ndogo zaidi, kuelekea mkondo unakokwenda, na chubwi jepesi linabaki mahali pake. Unafikiri unapoteza mawasiliano na ndoana, kumbe unayapata: mto wenyewe umeshaukaza uzi wako kwa ulaini ambao mkono hauwezi.

Hapo tumeshaona kwamba usikivu haukai ndani ya ncha. Unakaa katika mapatano ya vitu vinne: ncha, unene wa uzi, kiasi cha uzi kilichozama, na uzito wa chubwi. Ukitaka kutumia ncha laini zaidi kwenye mto uleule, usianze kwa kuchomoa ncha. Anza kwa kuinua fimbo. Ukitoa nusu ya uzi majini, umeondoa nusu ya mzigo. Halafu fikiria uzi. Uzi wa kusuka wenye unene wa milimita 0.12 una nguvu sawa au zaidi ya nailoni ile ya 0.22, na mzigo wa maji unashuka karibu nusu. Faida nyingine ni kwamba haurefuki kama mpira. Nailoni hurefuka kwa robo ya urefu wake au karibu na hapo kabla haijakatika, na kwenye mita 30 sehemu ya mdonoo mdogo humezwa na kurefuka huko. Uzi wa kusuka unaileta habari yote. Ila hauna huruma: usipokuwa na ncha laini kidogo au kipande cha nailoni karibu na ndoana, mkurupuko wa kwanza wa samaki unakata au unachana mdomo. Ni mahali adimu ambapo ncha laini inahitajika kwa ajili ya usalama, siyo kwa ajili ya kuona.

Kuhusu kilichotengenezea ncha, kuna faibaglasi (nyuzi za kioo) na kaboni. Nyuzi za kaboni ni ngumu kama mara tatu ya nyuzi za kioo na ni nyepesi zaidi, kwa hiyo ncha ya kaboni ya uzito uleule ni kali na inarudi haraka. Ya faibaglasi inapinda kwa utulivu, na ugumu wake unaongezeka polepole kadiri inavyovutwa. Samaki mwenye wasiwasi, kama rochi, samaki wa mito ya huku, majira ya baridi maji yakiwa na nyuzi joto tano, akiivuta ya faibaglasi hahisi ukuta. Anaendelea. Kwa ajili ya rochi na samaki mwingine wa huku aitwaye brimu mimi sibadilishi, ni faibaglasi. Kwa barbeli kwenye maji ya kasi nachukua kaboni, maana huyo hana wasiwasi wowote. Akishika, fimbo nzima inakwenda, na mvuvi aliyeinuka kwenda kumimina chai huikuta mtoni.

Nirudi kwenye kidole, kwa sababu nadhani sisi tuliokulia kwenye mshipi tunajua jambo ambalo vitabu vya ncha hulipita. Kidole na ncha havisikii vitu vilevile. Ncha inaonyesha mwendo: imekwenda mbele kiasi hiki, imerudi kiasi kile. Kidole kinasikia mtetemo. Mdonoo wa haraka sana, ule wa tik-tik, unaweza kufika kwenye ncha nzito na ukaisha kabla ncha haijaanza kusogea, lakini kidole kinaushika. Mvuto wa polepole sana, sentimita moja kwa sekunde tatu, kidole hakiujui, kwa kuwa ngozi huzoea mzigo unaoongezeka taratibu. Ncha, ukiwa umeilinganisha na mti au tawi lililo nyuma yake, inauonyesha wazi. Waingereza wenyewe wanao uvuvi wa kushika uzi kidoleni, ni wa zamani, na usiku wengi huurudia. Mimi huvifanya vyote viwili. Fimbo iko juu ya vitegemeo viwili, mpini kwenye paja, na uzi kati ya rili (gurudumu la kukunjia uzi) na tundu la kwanza nimeuvuta kwa kidole cha shahada, kama Pangani.

Baada ya muda unaanza kuwatofautisha. Mitikisiko midogo isiyo na mwisho ni samaki wadogo wanaoimaliza mahindi au funza, na kuvuta ghafla hapo ni kujisumbua. Ncha inayokwenda polepole ikisimama na kurudi palepale ilipokuwa, bila mtikisiko, mara nyingi ni samaki aliyeugusa uzi kwa ubavu akipita. Chambo hajakiona. Ukivuta hapo unamtisha yeye na wenzake. Ncha inayokwenda na kuendelea kwenda ndiyo ya kunyanyulia fimbo, na hata hapo si kwa kishindo. Kikapu cha chambo na mkondo vimeshafanya nusu ya kazi, ndoana imeshaingia, wewe kaza tu.

Pembe nayo ina neno lake. Fimbo ikielekea moja kwa moja kwenye chubwi, samaki anavuta uzi kupitia matundu na ncha haina sababu ya kupinda. Hiyo siyo ncha mbaya, ni mahali pabaya pa kuiweka. Kati ya uzi na ncha kuwe na pembe ya digrii 45 hadi 90. Unaporusha upande wa juu wa mto, maji yanapokuja kwako, ishara karibu zote zitakuwa za kunyooka na kulegea, na hapo unaweza kutumia ncha laini kuliko unavyodhani kwa sababu maji hayavuti ubavuni kama kule kwingine.

Unaponunua ncha ya ziada, chukua fimbo yako dukani au pima kitako cha ncha uliyonayo. Vipenyo vinatofautiana, kuna vya milimita 2.2, 3, 3.5, na tofauti ya nusu milimita inatosha kuifanya ncha icheze au isiingie kabisa. Kwa mto wa wastani ningependa uwe na aunsi 1.5 ya faibaglasi na aunsi 3 ya kaboni kabla hujafikiria nyingine. Rangi ni jambo la mahali unapokaa: nyeupe inaonekana vizuri mbele ya miti, ya machungwa mbele ya maji yenye mng'aro wa anga. Usiku unafunga kijiti cha mwanga wa kemikali karibu na tundu la mwisho, kidogo kabisa, maana kizito kinabadilisha namba uliyoipima jikoni.

Ukija kuvua huku, kumbuka kwamba katika mito ya Uingereza uvuvi wa samaki hawa unafungwa kuanzia tarehe 15 Machi hadi 15 Juni, wakati wa kuzaliana, na kila mwenye miaka 13 au zaidi anahitaji leseni ya fimbo. Machubwi madogo ya risasi, yasiyofika gramu 28 na kidogo, yamepigwa marufuku tangu 1987 kwa sababu mabata maji walikuwa wakiyameza na kufa kwa sumu. Hilo lilinigusa, kwa kuwa utotoni machubwi yetu ya risasi tuliyabana kwa meno.

Mwaka juzi nilipokwenda nyumbani nilibeba fimbo na ncha tatu. Pangani ina kitu ambacho Trent ya Nottingham haina: maji kujaa na maji kupwa. Mkondo unakuja, unalala, unarudi, ndani ya saa sita ncha zote tatu zinapata zamu. Maji yakisimama, aunsi 1 ilionyesha kila chaa aliyemnusa kamba. Yakianza kutoka kwa nguvu, ikalala, nikaweka ya 3. Kwa wanaovua mbali na mdomo wa bahari, kwenye Rufiji au Kilombero, nina ombi: kaeni mbali na maji, juu ya ukingo, hata kama uzi utakuwa mrefu zaidi. Mtu anayeikodolea macho ncha haoni kilicho miguuni pake, na mamba wa mito hiyo ni wavumilivu kuliko mvuvi yeyote.

Mjomba, ambaye sasa macho yake yana ukungu, aliketi karibu nami juu ya ndoo. Ncha hakuiona. Aliomba uzi, nikamlegezea kidogo nyuma ya rili, akaukunjia kidole. Ncha ilikuwa imetulia kabisa mbele ya macho yangu. Akasema, "Yupo," na tukangoja mpaka na ncha nayo ikamwona.